Pauda laini sana: uipime kwa chekeche, kwa kutulisha majini, kwa leza au kwa hadubini?

Kabla hujachagua mashine jiulize kwanza, hiyo namba utakayoletewa unaenda kuifanyia kazi gani? Nauliza hivi manake chembe ya pauda karibu kamwe sio duara kamili, na kitu ambacho sio duara hakina kipenyo kimoja, kina vipenyo vingi kutegemea nani anakipima. Chekeche linakwambia tundu dogo kabisa ambalo chembe imeweza kupenya, maji yanakwambia duara gani lingezama kwa spidi ileile, leza inakwambia duara gani lingetawanya mwanga vilevile, hadubini inakuonyesha umbo la chembe ikiwa imelala. Afu zote nne zinaandikwa "maikroni 5" kwenye ripoti (maikroni moja ni milimita moja uigawe mara elfu) na msomaji anadhani ni kitu kimoja.

Nshawahi kukaa katikati ya ugomvi wa hivi. Mzigo wa kaolini, ule udongo mweupe, muuzaji kapima kwa kutulisha majini, mnunuzi kapima kwa leza, namba ya leza ikatoka kubwa kwa mbali sana na mnunuzi akaamini kabisa ameuziwa daraja la chini. Hakuna aliyedanganya hapo. Kaolini ni vibamba vyembamba kama magamba ya samaki, kibamba kikizama kinapata upinzani mkubwa wa maji kulingana na uzito wake mdogo, kwa hiyo kinashuka polepole na maji yanakihesabu kama duara dogo, wakati kwenye leza vibamba vinapita vimegeuka kila upande na ule uso mpana ndio unaoonekana sana, kwa hiyo vinahesabiwa vikubwa. Madini ya mika na talki yana tabia hiyohiyo. Iliniuma sana kuona watu wanavunja biashara kwa sababu hakuna aliyeandika kwenye mkataba neno moja tu, njia ya kupimia.

Chekeche

Hili ntalipitia haraka, kwa pauda laini kwelikweli halifiki mbali. Wavu namba 200 una tundu la maikroni 75, namba 400 ni maikroni 38, na namba 635 ni maikroni 20, hapo ndio wavu wa kusukwa wa kawaida unaishia. Kuna machekeche ya nikeli yenye matundu mpaka maikroni 5 ila huko unatumia maji au mashine ya kunyonya hewa, na matundu yanaziba kila saa. Kuchekecha pauda kavu kwa mkono chini ya maikroni 38 usijisumbue, chembe zinashikana zenyewe kwa zenyewe zinabaki juu ya wavu kama vidonge, unaandika ni kubwa kumbe ni ndogo.

Lakini kuna kazi moja chekeche bado linaishinda leza, nayo ni kutafuta chembe chache kubwa zilizojificha kwenye mzigo. Kama pauda yako ni ya kung'arishia lenzi, chembe moja ya maikroni 50 inaacha mkwaruzo, na leza inaweza isiione kabisa ikiwa ni sehemu ndogo sana ya jumla. Hapo unachukua gramu 100, unaziosha kwa maji juu ya wavu wa maikroni 38, unakausha kilichobaki na kukiweka kwenye mizani. Leza kwa pauda laini inakula gramu moja au chini ya hapo, haiwezi kukupa uhakika huo.

Kutulisha majini au leza?

Hapa ndio penye uamuzi wenyewe kwa pauda nyingi za kati ya maikroni 1 na 50, tukae kidogo.

Kutulisha ni njia ya zamani inayosimama juu ya kanuni ya Stokes ya 1851, chembe ikizama kwenye kimiminika inafikia spidi isiyobadilika, na spidi hiyo inakua kwa mraba wa kipenyo. Ukijua mnato wa maji, densiti ya chembe na densiti ya maji, unapiga hesabu moja kwa moja, huhitaji kukisia umbo la grafu wala kuamini softwea ya mtu. Uzuri wake ni huo, kila hatua unaielewa. Shida yake ni muda. Chembe ya kwazi (yale madini ya mchangani) ya maikroni 10 kwenye maji ya nyuzi 20 inashuka sentimita 10 kwa dakika kama 18 na nusu, ya maikroni 1 inachukua saa kama 31, na ya maikroni 0.1 kwa hesabu hiyohiyo ingechukua siku zaidi ya 120, ambayo ni hesabu ya kwenye karatasi tu kwa sababu haitashuka hivyo kamwe. Molekuli za maji zinaigonga chembe kila upande bila kupumzika, na kwa chembe ya kwazi ya maikroni 1 ndani ya sekunde moja inazama karibu maikroni 0.9 na kusukumwasukumwa huku kunaihamisha karibu umbali uleule, yaani kuzama na kutangatanga vimeshakuwa sawa. Kwa hiyo kutulisha kwa mvutano wa dunia peke yake kuwekee mpaka kwenye maikroni 1, na kama unataka kwenda chini tumia diski ya kuzungusha kwa kasi, ile inafika mpaka makumi ya nanomita (nanomita 1000 ni maikroni moja) na inatenganisha saizi zinazokaribiana vizuri kuliko karibu njia zote nitakazozitaja.

Jambo lingine watu wanalisahau ni joto. Mnato wa maji unabadilika karibu asilimia 2 kwa kila nyuzi moja, ukiacha silinda karibu na dirisha lenye jua, au kiyoyozi kikiwashwa na kuzimwa, maji yenyewe yanaanza kuzunguka ndani na jaribio la saa 8 limekufa bila wewe kujua.

Sasa leza. Chembe kubwa inatawanya mwanga kwa pembe ndogo, chembe ndogo kwa pembe kubwa, mashine ina duara la vipokezi inasoma mwanga umeangukia wapi, afu kompyuta inarudi kinyumenyume kutafuta mchanganyiko wa saizi ambao ungetoa picha ile. Chini ya dakika moja umepata jibu, unarudia mara tano ukiwa umesimama palepale, na inameza kuanzia kama maikroni 0.1 mpaka milimita kadhaa. Kwa udhibiti wa ubora wa kila siku kiwandani sioni cha kushindana nayo, na nikiambiwa nichague kifaa kimoja tu cha kupima pauda za aina tofauti tofauti ntachukua leza bila kusita.

Ila hiyo "kurudi kinyumenyume" ndio inaleta ajali. Kwa chembe kubwa kuliko maikroni 50 hivi hesabu rahisi ya Fraunhofer inatosha, haiulizi pauda yako ni ya nini. Ukishuka karibu na urefu wa wimbi la mwanga wenyewe (leza nyekundu ni nanomita 633) inabidi utumie hesabu ya Mie ya 1908, na hiyo inataka uiambie indeksi ya kupinda mwanga ya pauda yako na ni kiasi gani inafyonza mwanga. Ukiweka namba za uongo mashine hailalamiki. Inakuchorea kwenye grafu kilima kizuri kabisa chini ya maikroni 1 ambacho hakipo duniani. Hii inatokea sana kwa pauda zinazopitisha mwanga zikipimwa kwa Fraunhofer, unaona asilimia kadhaa za chembe laini mno, mtu anaanza kulaumu kinu chake cha kusagia. Kama una kilima cha ajabu huko chini, badilisha hiyo namba ya kufyonza mwanga kidogo kidogo uone, kilima kikipotea na kurudi kwa kuchezea setingi basi usikiandikie ripoti mpaka umekitafuta kwa njia nyingine.

Kwa hiyo kati ya hizi mbili, kama pauda ni ya madini moja inayojulikana densiti yake, haina vinyweleo, na kazi yako inahusu kuzama au kuelea (udongo, kaolini ya karatasi, vitu vya kauri), kutulisha kunakupa namba inayofanana na maisha ya pauda yenyewe. Kuna mashine zinazofuatilia kuzama kwa mionzi ya eksirei, zinaondoa ile kazi ya kukaa na saa mkononi. Kama una mchanganyiko wa madini yenye densiti tofauti, kutulisha kunakosea moja kwa moja kwa sababu chembe ndogo nzito inazama pamoja na kubwa nyepesi, nenda leza. Leza nayo ikikutana na mchanganyiko wa vitu vinavyopinda mwanga tofauti inayumba, ila kuyumba kwake kunapungua kama chembe nyingi ziko juu ya maikroni chache.

Chini ya maikroni moja

DLS ndio kila mtu anaikimbilia, ile mashine inayoangalia mwanga unavyomeremeta jinsi chembe zinavyotikiswa na maji, ndogo zinatikisika haraka, kubwa polepole. Nanomita 1 mpaka maikroni moja au mbili, dakika chache, tone dogo la sampuli. Naipenda kwa kitu kimoja, chembe za aina moja zilizo karibu sawa saizi, kwenye kimiminika safi. Nje ya hapo nakuwa na wasiwasi nayo. Kwa chembe ndogo mwanga unaotawanywa unakua kwa kipeo cha sita cha kipenyo, maana yake chembe moja ya nanomita 100 inang'aa kama chembe milioni moja za nanomita 10. Vumbi kidogo tu likidondoka ndani ya kikombe umepima vumbi. Usiangalie wastani peke yake, angalia na ile namba ya mtawanyiko inayoitwa PDI, ikiwa chini ya 0.1 kaa kwa amani, ikipita 0.7 hiyo sampuli haifai kwa DLS hata kama skrini imeandika saizi kwa desimali mbili. Na kumbuka kipenyo chake ni pamoja na chochote kilichoganda juu ya chembe, sabuni, polima, tabaka la maji, ndio maana mara nyingi ni kikubwa kuliko cha hadubini.

Hadubini ya elektroni ndio shahidi wa macho. Ile ya mwanga wa kawaida inaishia kama maikroni 0.2, chini ya hapo picha inakuwa ukungu, kwa hiyo SEM au TEM, aina mbili za hadubini ya elektroni. Hakuna njia nyingine hapa inayokuonyesha kama chembe ni sindano au vibamba au vijiduara vilivyoungana, na mimi siamini namba ya mashine yoyote kwa pauda mpya mpaka nimeiona kwenye picha angalau mara moja. Lakini kama chombo cha kupimia mgawanyo mzima wa saizi, udhaifu wake ni idadi. Gramu moja ya kwazi yenye chembe za maikroni 1 ina chembe zaidi ya bilioni 700, wewe umehesabu 500 kutoka kwenye kona uliyoona inapendeza. Halafu hadubini inahesabu vichwa, leza inahesabu ujazo, hapa ndio watu wanapotea kabisa. Chukua chembe moja ya maikroni 10 uichanganye na 1000 za maikroni 1. Kwa kuhesabu vichwa, asilimia 99.9 ni za maikroni 1. Kwa ujazo, nusu kwa nusu, kwa sababu ile moja ina ujazo sawa na zile zote 1000. Kwa hiyo mtu akikuletea picha ya SEM kupinga D50 ya leza (saizi ambayo nusu ya ujazo wa pauda iko chini yake), muulize kwanza kama amebadilisha hesabu yake kwenda ujazo.

Kuna BET pia, iliyopewa jina la Brunauer, Emmett na Teller, 1938. Haipimi saizi, inapima eneo la uso kwa kuangalia nitrojeni kiasi gani inagandia kwenye pauda kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri. Kipenyo cha wastani kwa maikroni ni 6 gawanya kwa zao la densiti na eneo la uso, densiti kwa gramu kwa sentimita ya ujazo na eneo kwa mita za mraba kwa gramu. Titani dioksaidi ya anatasi, densiti 3.9, eneo 50, inatoka 0.031, yaani nanomita 31. Inakupa namba moja tu bila mgawanyo, na pauda yenye vinyweleo inaidanganya, lakini haijali kabisa kama chembe zimeshikana kwenye vibonge, na huo ndio utamu wake. Weka BET na leza bega kwa bega, BET ikisema nanomita 31 na leza ikisema maikroni nusu umeshajua una vibonge vya chembe ndogo sana, na hakuna moja kati ya hizo mbili ingekwambia hivyo peke yake. Kwa kichocheo cha kemikali au kitu chochote kinachofanya kazi kwa uso wake, anza na BET, hizo nyingine zitafuata.

Saruji ina njia yake nyepesi ya Blaine, unapitisha hewa kwenye kitanda cha pauda iliyoshindiliwa na kuangalia muda. Saruji ya kawaida inatoka kama mita za mraba 300 mpaka 400 kwa kilo. Kwa kulinganisha bechi ya leo na ya jana inatosha kabisa, kwa pauda za chini ya maikroni moja achana nayo.

Na tafadhali, mtu akikuletea saizi iliyopatikana kwa eksirei na hesabu ya Scherrer usiiweke kwenye jedwali moja na hizi. Ile ni saizi ya fuwele. Chembe moja inaweza kuwa na fuwele 100 ndani yake.

Ukitaka kuhesabu moja moja

Njia ya Coulter, patenti ya 1953, ilianza na seli za damu. Chembe zinavutwa kupita kwenye kitundu kidogo ndani ya maji ya chumvi, kila inayopita inazuia umeme kidogo kulingana na ujazo wake. Rangi, indeksi ya mwanga, densiti, vyote havina maana, na inakupa idadi kwa mililita, kitu ambacho leza haikupi. Kwa pauda za kusugulia na kung'arisha ambapo mgawanyo mwembamba ndio kila kitu naipendelea kuliko leza. Ila kila kitundu kinasoma kati ya asilimia 2 na 60 ya upana wake, kitundu cha maikroni 100 kinakupa 2 mpaka 60, kwa hiyo pauda yenye saizi zilizotawanyika sana itakusumbua, ndogo hazionekani na kubwa zinaziba. Na lazima pauda ivumilie maji ya chumvi.

Kabla ya mashine yoyote, vibonge na sampuli

Hapa ndipo moyo wangu ulipo. Makosa mengi niliyoyaona hayakutoka kwenye mashine, yalitoka kwenye kikombe. Chini ya maikroni 10 hivi nguvu ya chembe kushikana inaizidi uzito wake, kwa hiyo pauda laini kwa asili yake iko kwenye vibonge, na usipovivunja umepima vibonge. Ukivivunja kwa nguvu kupita kiasi umezivunja chembe zenyewe.

Kwa maji, usimwage pauda kwenye bika lililojaa maji halafu ukoroge, itaelea na kufanya mabonge makavu ndani. Anza na matone machache ya kilowanishi, isugue iwe uji mzito usio na mabonge, ndio uongeze maji kidogo kidogo. Madini mengi yanakubali sodiamu heksametafosfeti kidogo ili chembe zisirudi kushikana. Inayokataa maji kabisa jaribu isopropanoli. Inayoyeyuka kwenye maji, hilo liko wazi, ila kuna zinazoyeyuka polepole na unaona D50 inapanda huku asilimia za chini zinapotea wakati unaendelea kupima. Halafu ultrasoniki, yaani kutikisa kimiminika kwa mawimbi ya sauti yasiyosikika, pima kila baada ya sekunde 30, chora mstari. Saizi inashuka, inashuka, inafika mahali inatulia, hapo ndio pako. Ikitulia kisha ikaanza kushuka tena unasaga. Ikipanda, chembe zinarudi kushikana na dawa yako ya kutawanya haifai.

Kwa leza ya pauda kavu fanya hivyohivyo na presha ya hewa, baa 1, 2, 3, 4, halafu linganisha na ya majini. Presha ambayo majibu mawili yanakutana ndio unayoichagua, usichague presha inayokupa namba ndogo kwa sababu bosi anapenda namba ndogo.

Na sampuli. Pauda ikisafirishwa chembe ndogo zinazama chini ya gunia na kubwa zinapanda juu, ukichota kijiko cha juu umepima juu. Kigawanyaji cha kuzunguka ndio bora kwa mbali, kijiko na kugawa chungu mara nne ni vya mwisho kabisa. Hakuna cha kujadili hapo.

Kama pauda itavutwa mapafuni

Hii nimeiacha mwisho kwa sababu inaharibu mpangilio wote wa juu. Dawa ya kuvuta kwa pumzi inalengwa maikroni 1 mpaka 5, lakini hizo ni maikroni za kusafiri hewani, sio za leza. Chembe ya duara ya maikroni 10 yenye vinyweleo vingi mpaka densiti yake ikawa 0.1 tu inaruka kama tone la maji la maikroni 3.2, inafika ndani kabisa, wakati leza ingekwambia haifiki. Hapo kinachotakiwa ni impakta ya hatua kwa hatua, hewa inapita kwenye sahani zinazofuatana na chembe zinanasa kulingana na zinavyoweza kukata kona, kisha unapima dawa iliyoko kwenye kila sahani. Ni kazi ya nusu siku kwa sampuli moja, mikono inachoka, na bado leza ndio utaitumia kila asubuhi kuangalia kama kinu kimebadilika. Leza kwa kinu, impakta kwa pafu, na kwenye ripoti andika zote mbili kwa majina yake, pamoja na kimiminika ulichotumia, sekunde za ultrasoniki au presha ya hewa, na zile namba za mwanga ulizoweka kwenye softwea.